Kengele ya Saa Mbili na Majina Yaliyopotea

Siku yangu ya kwanza pale ghala la mbolea Nakuru, mwanzoni mwa mwaka 2007, nilifika na kufuli langu mwenyewe mfukoni. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, nimefanya kazi na kompyuta tangu enzi za mashine za kujaza chumba kizima, na maofisi niliyopitia yalikuwa yamenifundisha nisimwachie mtu droo yangu. Mkurugenzi, mzaliwa wa mji ule ambaye babu yake alitoka India kuja kufungua duka la vifaa vya shamba, aliniona nikilifunga akacheka.

"Fundi, hapa hatuibiani," akaniambia.

"Basi halitakusumbua," nikamjibu.

Jibu hilo lilimpendeza. Alisema mtu asiyeamini watu ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta, na mimi, mjinga niliyezeeka, nikalichukua neno hilo kama cheti.

Nyinyi vijana mnaoandika programu siku hizi mmekaa kwenye mikahawa na vikombe vya kahawa ya bei kali hamjui kazi ile ilikuwaje. Kabla yangu, wakulima walipanga foleni kwa miguu uani. Aliyechoka aliweka jiwe au kofia mahali pake akaenda kunywa chai, na akirudi akute jiwe limesogezwa, vita. Mkurugenzi alitaka foleni iingie kwenye kompyuta. Mkulima angefika dirishani, karani aandike jina lake, nalo liende mwisho wa orodha. Msimamizi wa mlango wa kupakia akiwa tayari angebonyeza kitufe, na jina lililo juu ya orodha litokee kwenye skrini juu ya mlango. Aliyeitwa anasogeza gari lake, anapakia, anaenda zake.

Niliiandika kwa Python, lugha ambayo wenzangu wa Nairobi walikuwa wakiidharau wakati huo. Python ilikuja na kifaa chake cha foleni, kimeshatengenezwa, jina lake Queue. Sikukitumia. Sikuamini kazi ya watu nisiowajua, nikajitengenezea yangu kwa orodha ya kawaida. Na kwa kuwa sikuamini stima ya Nakuru pia, umeme uliokatika ovyo, nilipanga hivi: programu isome jina la juu, iliandike kwenye diski, halafu ndipo ilifute kwenye orodha. Stima ikikatika katikati, hakuna mkulima atakayepotea. Nilijipongeza sana kwa ujanja huo.

Mlango wa kupakia ulikuwa mmoja tu, na mambo yalienda sawa. Nilipelekwa Gilgil kuweka programu hiyo hiyo kwenye ghala letu dogo, chini ya Mkuu wa Ghala aliyekuwa amestaafu jeshini na aliyetaka hata magunia yasimame wima. Kisha nikapelekwa Mai Mahiu kwa wiki chache, kwenye mizani ya malori, ambako madereva waliniita "boss" mbele yangu na "mpelelezi" nikigeuka. Walikuwa na haki. Nilikuwa nikiwahesabia hata safari za chooni.

Halafu ukaja uchaguzi wa mwisho wa mwaka, na Januari ikaja na moto, makabila yakichomeana nyumba. Sina haja ya kuwaeleza wa Bonde la Ufa yaliyotokea. Nitasema tu kwamba ilipofika Machi 2008 mvua zilikuwa zinakaribia na watu walitaka kupanda, lakini mtu hakuweza kuagiza chai bila wengine kusikiliza anavyotamka maneno, wamjue ni wa upande gani. Ghala la Gilgil lilikuwa limefungwa kwa sababu madereva waliiogopa barabara. Wakulima wote wakamwagika Nakuru. Mkurugenzi akafungua milango miwili zaidi, ikawa mitatu, na akamleta yule Mkuu wa Ghala kusimamia uani.

"Fundi, mashine yako itaweza milango mitatu?" akaniuliza.

"Hata kumi," nikasema.

Kila mlango niliupa uzi wake. Uzi, katika kazi yetu, ni mtiririko mmoja wa maagizo. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi kadhaa zinazokwenda pamoja, zote zikishika orodha ile ile. Nilijua kuna hatari nyuzi zikigombania kitu kimoja, lakini nilikuwa nimesoma kwamba Python ina kufuli kuu linaloruhusu uzi mmoja tu kufanya kazi kwa wakati mmoja. Nikasema basi, tumelindwa. Nikanakili maagizo yale yale mara tatu, nikaenda kula.

Karani wa dirishani aliitwa Rodah. Mama wa makamo, mpole, mwandiko mzuri, anatembea kwa miguu kutoka Kaptembwo kila asubuhi na haijawahi kusikika amechelewa. Siku ya tatu ya milango mitatu alinijia ofisini.

"Mzee, kuna kitu nimeona," akasema. "Kengele ikilia saa mbili, kuna majina yanapotea. Nimeyaandika mwenyewe, lakini hayaitwi. Na jina la kwanza linatokea milango yote."

Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, kikigongwa kwa nyundo saa mbili asubuhi kufungua kazi, na tena baada ya chai.

"Mama," nikamwambia, "kompyuta haina masikio. Haijui kengele."

"Mimi sijui kompyuta, mzee. Nakuambia nilichoona."

"Angalia unavyoandika."

Akasema sawa, akarudi dirishani. Na mimi, badala ya kufungua programu, nilibaki nikijiuliza kwa nini mama huyu amekuja kunieleza habari za majina kupotea kabla mtu yeyote hajalalamika. Nikaanza kumshuku saa hiyo hiyo. Na kwa kuwa nataka kusema ukweli, sikumshuku kwa swali lake tu. Jina la ukoo wake lilikuwa la upande mwingine, si la upande wangu, na mwaka ule hilo lilitosha kabisa.

Wiki haikuisha kabla malalamiko hayajaja. Mkulima mmoja, Mzee Yohana, alikuwa amefika alfajiri na lori la majirani zake, akaandikishwa wa pili, akakaa mpaka alasiri bila kuitwa. Kesho yake akarudi, akawa wa tatu, akapotea tena. Wenzake wawili wa lori lile lile nao wakapotea. Lori hilo lilikuwa la kwanza kufika kila siku, na watu wake wote walikuwa wa upande mmoja. Karani alikuwa wa upande wa pili. Haya, jumlisha mwenyewe! Uani walijumlisha haraka kuliko kompyuta yoyote.

"Huyu mama anatufuta!" Mzee Yohana akapaza sauti. "Mvua inakuja, sisi tutapanda nini? Ametuona majina, ametufuta!"

Lisemwalo lipo. Hivyo ndivyo watu walivyosema, na hivyo ndivyo nilivyosema mimi. Jioni moja Rodah akitoka, kijana mmoja pale getini alimwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mathe, tunajua unakoishi." Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Rodah alishika mkoba wake kwa mikono miwili akaenda. Nasema kwa aibu kwamba sikumsindikiza hata mpaka barabarani.

Mkurugenzi alituita mimi na Mkuu wa Ghala. Mkuu wa Ghala alisimama kama yuko paredi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Atoke."

"Siwezi kumfukuza mtu bila ushahidi," Mkurugenzi akasema. "Lakini siwezi pia kuacha ua wangu uchomwe. Fundi, nipe ushahidi. Ijumaa nitaandika barua, na barua hiyo itafuata utakachoniambia."

Basi kazi ya mtu, na pengine nyumba yake, vikawa mkononi mwangu. Nikaweka mtego. Nilibadilisha neno la siri la Rodah bila kumwambia sababu, nikampa jipya nikidai ni utaratibu mpya, na nyuma yake nikaficha programu ndogo ya kuandika kila kitufe anachobonyeza. Siku mbili nikasoma vitufe vyake. Vilikuwa safi: jina, nambari ya kitambulisho, idadi ya mifuko, jina, nambari, idadi. Hakuna hata mara moja aliyofuta. Mtu mwenye akili timamu angeridhika. Mimi nilisema, ahaa, huyu amejua ninamchunguza! Anayeshuku hata usafi huuona ni ujanja.

Nikaenda mbali zaidi. Jumatano nikamshauri Mkurugenzi ampe Rodah mapumziko hadi Ijumaa, na dirishani akae askari mmoja mstaafu aliyeletwa na Mkuu wa Ghala. Alhamisi, kengele ya saa mbili ikalia. Jina la kwanza likatokea juu ya milango yote mitatu. Wa pili na wa tatu hawakuitwa.

Rodah alikuwa nyumbani kwake Kaptembwo. Dirishani alikaa mtu aliyechaguliwa na Mkuu wa Ghala mwenyewe. Mnajua nilifanya nini? Kwa dakika kama tano hivi nilimshuku yule askari. Haki ya nani! Nilimwangalia anavyobonyeza vitufe kwa kidole kimoja, nikajiuliza amelipwa na nani. Halafu msimamizi wa mlango wa pili akaja kunilalamikia.

"Niaje mzee. Hii kitu yako ni gani? Kengele ikilia sisi watatu tunabonyeza pamoja, halafu tunapewa jamaa mmoja. Atapakia milango mitatu akiwa na gari moja?"

Watatu wanabonyeza pamoja. Kengele. Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikafungua programu yangu kwa mara ya kwanza tangu nilipoinakili.

Nitawaeleza kosa hilo polepole, kwa maana hata leo naliona kwenye kazi za vijana. Soma jina la juu. Liandike kwenye diski. Futa jina la juu. Hatua tatu. Lile kufuli kuu la Python hulinda Python yenyewe isiharibike, halilindi hatua zako zisiachane. Uzi mmoja ukingoja diski, na diski yetu ilikuwa kuukuu na nzito, kufuli linapewa uzi mwingine. Nao unakuja, unakuta jina la juu bado lipo, unalisoma pia. Wa tatu vilevile. Kisha uzi wa kwanza unafuta jina la juu. Wa pili nao unafuta jina la juu, lakini sasa aliye juu ni mtu mwingine, ambaye hakuna aliyemwita. Wa tatu unafuta jina la mtu wa tatu. Mmoja ameitwa mara tatu, wawili wamepotea, na hakuna hata dalili ya kosa kwenye skrini. Mimi niliyekuwa nikiogopa stima, ule uangalifu wangu wa kuandika kwanza kwenye diski ndio uliofungua pengo. Na kengele ndiyo iliyowapanga wale watatu wabonyeze sawia. Na lori la kwanza ndilo lililokuwa juu ya orodha kila kengele ya saa mbili ilipolia. Hapakuwa na kabila ndani yake.

Kurekebisha kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikatupa orodha yangu, nikaweka kile kifaa cha Queue nilichokidharau, ambacho humpa uzi jina na kuliondoa kwa tendo moja, kiasi kwamba uzi wa pili haulioni tena. Habari ya stima nikaimaliza kwa vitabu viwili kwenye diski, kimoja cha walioingia na kimoja cha walioitwa, stima ikikatika unalinganisha. Kisha nikaenda kwa Mkurugenzi.

"Si Rodah," nikasema. "Ni mimi."

Barua ya kumfukuza Rodah ilikuwa tayari juu ya meza yake, imebaki sahihi.

"Mimi nakuelewa," akasema. "Lakini wale huko nje? Nikiwaambia kompyuta imekosea, watasema tumenunuliwa na upande wake. Kompyuta itajuaje lori la nani? Wewe uliyewaharibia, wewe uwaeleze."

Ijumaa, kabla ya kengele, niliweka ubao mweusi katikati ya ua. Watu walijaa. Rodah alikuwa amekuja kuchukua barua yake, akasimama karibu na geti, mkoba mkononi. Niliandika kwa chaki majina matano, moja chini ya jingine: Yohana, Esta, Petro, Rehema, Musa. Nikawaita wasimamizi watatu, kila mmoja na daftari.

"Kengele ikilia," nikawaambia mbele ya wote, "kila mtu asome jina la juu. Aliandike kwenye daftari lake. Kisha, mmoja mmoja, mwende mkafute jina mtakalolikuta juu."

Reli ikagongwa. Wote watatu wakaandika Yohana. Wa kwanza akaenda, akafuta Yohana. Wa pili akaenda, akafuta Esta. Wa tatu akafuta Petro.

Kisha mama mmoja nyuma akauliza, "Sasa Esta ameenda wapi?"

"Esta hajaitwa!" mwingine akapaza. "Na Petro je? Wamefutwa hivi hivi!"

"Na nani?" nikauliza.

Walitazamana. Hapakuwa na wa kumnyooshea kidole. Nikaandika majina yale yale kwenye kadi, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikawaambia wasimamizi kila mtu achukue kadi ya juu aende nayo. Reli ikagongwa. Yohana, Esta, Petro, kila mmoja na mlango wake. Mtu akapiga mluzi, wengine wakacheka.

Mzee Yohana mwenyewe, yule wa kweli, hakucheka. Alikuja mbele na fimbo yake.

"Na huo ujinga wa kwanza," akauliza, "uliandikwa na nani? Na huyu mama?"

"Hapana, mzee. Niliuandika mimi."

"Wewe? Na ukakaa kimya wiki nzima tukimtukana?"

Nikasema ndiyo. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani, akavuka ua, akampa Rodah mkono. Alimwambia nini sikusikia. Niliona tu Rodah akiitikia kwa kichwa, na machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta.

Mkurugenzi alimwambia arudi dirishani. Nami nikamfuata, nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya neno la siri na ile programu ya kusoma vitufe vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "siku ile nilikuambia habari ya kengele. Kwa nini hukuangalia?"

"Nilidhani unajitetea."

"Kujitetea? Siku ile nilikuwa sijashtakiwa na mtu."

Akaingia, akafungua dirisha, akaanza kuandika majina.

Nimestaafu sasa. Vijana huja nyumbani kuniuliza juu ya nyuzi na foleni, nami huwaambia yale yale: kuchukua na kuondoa viwe tendo moja, usijitungie kilichokwisha kutungwa na kujaribiwa, jaribu milango yote kwa pamoja, maana mlango mmoja mmoja hautakuonyesha kitu. Wanaandika. Huwaambia pia kwamba mtu wa dirishani huona kosa kabla yako, kwa hiyo shuku kazi yako kwanza, halafu ndipo umshuku mwingine. Hilo huwa hawaliandiki.

Mimi na Rodah tulifanya kazi pamoja miaka tisa zaidi. Alinisalimia kila asubuhi kwa heshima zote, "Habari ya asubuhi, mzee," nami nikaitikia, "Nzuri, mama." Nilipofiwa na mke wangu alikuja matangani na kuosha vyombo. Lakini kompyuta yake ikigoma aliizima akaiwasha mwenyewe, na ikiendelea kugoma aliandika kwa mkono. Hakuja ofisini kwangu tena hata siku moja kusema, "Mzee, kuna kitu nimeona."

Kwenye hafla ya kuniaga, Mkurugenzi alisimama akanisifu. Alisema programu ya fundi wetu imekaa miaka tisa bila lalamiko hata moja kutoka dirishani, na watu wote wakapiga makofi. Rodah alikuwa safu ya pili, naye akapiga makofi, akinitazama. Ndipo nilipojua kwamba kuna mtu mmoja anayeyajua makosa yangu yote ya miaka ile, na hatanitajia hata moja.